Dahabu Iliyosuguliwa kwa Majivu

Watu wa Kasese walinijua kwa sahani. Sikuwa na duka. Nilikuwa na meza sokoni, turubai, na makasha mawili ya mbao niliyoyafunga kwa kamba ya katani. Sahani zangu zilikuwa za bati, zile zilizopakwa rangi ngumu inayong'aa, na zilifika kwa treni kutoka Kampala zikiwa zimepangwa kwenye majani makavu. Nilizihesabu mara mbili pale pale stesheni, mara ya kwanza kwa ajili ya karani na mara ya pili kwa ajili yangu. Ni nadra hesabu hizo mbili kukubaliana, na siku zilipokubaliana nilizishuku zote.

Katika biashara ile nilijifunza kwamba mtu hanunui sahani, ananunua mchoro. Wakulima wa Maliba walitaka ua moja kubwa jekundu lililojaza sahani nzima, wakisema ugali wa muhogo ukiisha na bado una njaa, ua litakumalizia. Wake wa askari kambini, waliotoka kila pembe ya Uganda, walipenda ndege wawili wanaotazamana, na walinunua kwa alama: huyu ndege wa kucha nyekundu, yule wa kucha kijani, ili jirani akiazima arudishe ileile. Joka nilileta mara moja tu. Mama mmoja wa Karambi alilitazama, akaniuliza kama na huyo nyoka naye ni mgeni wa chakula. Makasha yale nilirudi nayo Kasese yakiwa yamejaa majoka yangu.

Michoro yote hiyo ilitoka China, na sikuwahi kujiuliza Wachina waliitoa wapi. Nilidhani mchoro huota kwenye sahani kama kutu.

Siku za gulio nilikwenda Bwera. Hii ilikuwa katikati ya miaka ya sitini, na upande wa pili wa mpaka Kongo ilikuwa inawaka. Watu walivuka na walichoweza kubeba: godoro, jogoo, cherehani isiyo na gurudumu, picha ya harusi. Nilimwona mzee mmoja amejitwisha mlango. Nilipomuuliza nyumba iko wapi, akaniambia inakuja nyuma. Wengi waliuza walichobeba palepale gulioni, na wanunuzi, mimi nikiwa mmoja wao, tulijua wana haraka. Sitajisifu wala kujilaumu. Ndivyo gulio lilivyokuwa.

Asubuhi moja akasimama mbele ya meza yangu mama mmoja wa Kikongo, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, kitu kipana amekikumbatia kifuani kama mtoto anayelala. Alikuwa amepewa chumba na mama mmoja Mkonzo wa hapo Bwera, mtu wa kanisa, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya gulio.

"Kaka, weye njo mutu ya masahani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi angalia hii. Usishike. Angalia."

Akafunua kitenge. Ilikuwa kauri, pana kama ungo mdogo, mdomo wake umekunjwakunjwa kama ukingo wa ua. Chini kulikuwa na weupe na buluu, lakini buluu ile hukuiona vizuri, maana juu yake palikuwa na sherehe: mawaridi mekundu, majani ya kijani, na ndege wa dahabu wanaruka kila upande. Niliwahesabu ndege. Nikawahesabu tena. Dahabu ilinifanya nimeze mate mara zote mbili.

Akanieleza habari yake akiwa amesimama. Mumewe alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Uhuru wao ulipofika mzungu akaondoka, na badala ya mshahara wa mwisho akampa mpishi sahani ile. "Kado," yaani zawadi, akasema yule mama, kwa namna iliyoonyesha anajua tofauti kati ya kado na mshahara. Mume alikuwa anasema dahabu ile itawasaidia siku moja. Sasa mume amekufa, na siku imefika.

"Unataka nini kwa sahani hii?"

"Masini ya kushona. Masista walinifundisha. Najua suruali, najua robo ya wanawake, najua hata kanzu ya padri. Hapa watu wananiangalia, wanaona mukimbizi. Nikiwa na masini, wataona fundi. Sitaki kitu ingine."

Nilimjua mwenye duka la vitambaa Kasese ambaye aliuza cherehani, mpya na za mkono wa pili. Nikamwambia nitampeleka, gulio lijalo, kwa lori la chumvi linalotoka Katwe, linapita hapa Bwera, kisha linakwenda Kasese. Malipo yangu yatakuwa suruali mbili. Akasema moja. Nikasema mbili. Akasema moja, yenye mifuko minne. Nikakubali, maana mtu anayejadiliana hivyo hali hana cherehani, akiwa nayo itakuwaje?

Sasa ndipo alipoingia mwenyeji wake, na nia yake njema.

Siku ya safari nilifika mapema kumchukua. Nilimkuta mwenyeji uani, amepiga magoti, mikono kijivu hadi kwenye viwiko. Pembeni yake palikuwa na chungu cha majivu, mchanga laini wa mtoni, na fundo la nyuzi za mgomba. Katika nyumba za pale chombo kilichosuguliwa vibaya ni aibu ya mwenye nyumba, si ya chombo. Na mgeni wake alikuwa anakwenda mjini, mbele ya matajiri. Angemwachaje aende na sahani ambayo haijaguswa na majivu?

"Ilikuwa na uchafu ya manjano," akaniambia kwa fahari. "Na nyekundu pia. Imeshika kweli! Nimesugua, nimesugua, hata bega inauma. Sasa ona!"

Akaiinua kwenye jua. Ilikuwa inameremeta. Nyeupe na buluu, buluu na nyeupe. Hapakuwa na waridi, hapakuwa na ndege.

"Mama," nikamwambia taratibu, "ule uchafu ulikuwa dahabu."

"Dahabu gani inatoka na majivu?"

Lilikuwa swali zuri. Mgeni wake alikuwa ametoka ndani kwa kusikia sauti zetu. Aliitazama sahani, kisha akaketi kizingitini kama mwanasesere aliyekatwa nyuzi. Hakupiga kelele. Alikuwa amelala katika nyumba ile na kula katika nyumba ile, na kelele zilikuwa anasa asiyoweza kuimudu.

"Masini imekwenda," akasema.

Mwenyeji alipoelewa, alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akajipaka majivu hadi kwenye nywele. "Nitalipa! Nitampa kuku."

"Kuku wangapi?" nikauliza, kabla sijajizuia. Ugonjwa wa kazi. Wote wawili wakanitazama, nikakohoa.

Mwenyeji, kwa kutafuta neno lolote la kujiokoa, akaigeuza sahani. Ndege mmoja wa dahabu alikuwa amebaki karibu na mdomo, bega lilipokuwa limechoka. Lakini yeye alikuwa anatazama kitu kingine. Kwenye ukingo, mahali palipokuwa na majani ya kijani, sasa palionekana mstari wa buluu unaojikunja kwa pembe, ndani, ndani, halafu unatoka na kujikunja tena, kuzunguka sahani nzima.

"Lakini hii ni kikapu," akasema.

"Kikapu? Kauri hizi zinatoka China, mama."

Akaingia ndani mbio, akatoka na kikapu chake cha ugali. Kweli bwana. Kwenye mfuniko, kwa unyasi mweusi, ulikuwapo mkunjo uleule wa pembe. Tukaviweka pamoja. "Huyo mutu wa China alikaa na nani? Hii nyanya yangu alinifundisha mimi, hapa hapa!" Rangi ilianza kumrudia usoni. Kwa namna fulani alikuwa ameacha kuwa mtu aliyeharibu sahani, akawa mtu aliyeibiwa.

Mgeni hakucheka. Lakini lori lilikuwa linapiga honi barabarani, na akanyanyuka, akaifunga sahani kwenye kitenge. "Twende. Nikae hapa kufanya nini?"

Njiani aliishika sahani magotini. Nilikaa juu ya magunia ya chumvi nikipiga hesabu kichwani: sahani yenye ndege wengi wa dahabu ni kitu kimoja, sahani yenye ndege mmoja ni kitu kingine, na cherehani ni cherehani. Hesabu hiyo niliirudia hadi penye kizuizi cha askari, na kila mara ilikataa.

"Simama! Shuka wote! Wewe mama, nabeba nini?"

"Afande, ni sahani tu," nikajibu kwa niaba yake.

"Kila mutu nasema 'tu'. Hata bunduki iko 'tu'. Fungua!"

Akafungua. Askari alikuwa mtu mrefu wa kutoka kaskazini, alama za chale kwenye paji la uso. Aliinama kuitazama sahani, akapitisha kidole kwenye mdomo wake uliokunjwakunjwa, polepole, akizunguka mpaka akarudi alipoanzia.

"Hii sinia ya baba yangu."

"Baba yako alikuwa na sahani ya Kichina, afande?"

"China gani? Ya shaba! Lakini mdomo iko hivi hivi, nakunja, nakunja, nakunja. Waarabu nauzia yeye, zamani, kule kwetu. Siku ya sikukuu nyama nakuja juu yake." Akasimama wima kama aliyekumbuka ana bunduki. "Mutu ya China nafanya kopi ya sinia ya baba yangu na udongo. Nauza?"

Nikamtajia bei. Akatufungulia njia haraka kuliko tulivyotazamia.

Kasese niliamua kuijaribu sahani sokoni kwanza. Mwenye duka akijua hujapita kwingine, anakunyoa. Nikaitandikia turubai katikati ya sahani zangu za bati, na mama akaketi nyuma yake, mikono magotini. Watu wakaja. Sahani safi ina uwezo huo.

Wa kwanza alikuwa mwuza samaki wa Hamukungu, mama mnene mwenye kicheko, ambaye meza yake ilipakana na yangu kwa harufu. Katikati ya sahani, mahali mawaridi yalipokuwa yamefunika, walikuwa samaki wawili katika mawimbi. Aliwachunguza kama anataka kuwapima uzito.

"Mawimbi ni ya ziwa letu. Ona, yamesimama hivi wakati wa upepo wa mchana. Lakini samaki!" Akacheka hadi khanga ikamlegea. "Wana midomo kama wanaimba. Mapezi kama vitambaa. Huyu aliyewachora hajawahi kumtoa samaki utumbo. Ziwa aliliona, samaki alisimuliwa."

"Unanunua?"

"Nina samaki wangu, mwanangu, na hawaimbi."

Baadaye akaja kijana mmoja wa migodi ya Kilembe, aliyefanya kazi ya kupima mawe, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Yeye hakutazama samaki wala mawimbi. Alitazama buluu. Akaniambia rangi ile ni jiwe, linaitwa kobalti, linasagwa, linachorewa kwenye udongo, na moto wa tanuri ndio unaoligeuza buluu. Zamani Wachina walikuwa wanalinunua kutoka Uajemi, safari ya miezi. Na Waajemi wenyewe walikuwa wanachorea vyungu vyao buluu kabla Wachina hawajaipenda.

"Na hapa petu," akaongeza, akionyesha kwa kidevu upande wa reli, "lile lundo la mabaki ya shaba lina kobalti ya kutosha kupaka buluu milima yote hii."

"Kwa hiyo sahani hii ni ya kwenu migodini," nikasema kwa uchungu.

"Kwa maana fulani, ndiyo."

"Unanunua?"

Akatazama saa.

 Mama akainua uso. "Kaka, nimehesabu. Mwenyeji wangu anasema ni yake. Soda, yule askari, anasema ni ya baba yake. Huyu wa samaki, yake nusu. Huyu wa mawe, yake pia. Kila mutu sahani ni yake, na hakuna anayelipa."

 Nimeona biashara ikifa kwa mvua, kwa polisi, kwa ndui. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikifa kwa sababu kila mnunuzi ni ndugu wa bidhaa.

Tukafunga sahani, tukaenda dukani.

Duka la vitambaa lilikuwa kwenye barabara kuu, na barazani, kama kila duka la vitambaa la zamani zile, walikaa mafundi cherehani, watatu, wakikanyaga mashine zao kwa kishindo kimoja. Ukinunua kitambaa ndani, unakishonesha nje. Walimjua kila mnunuzi kwa kipimo cha kiuno.

"Karibu, mama," akasema wa karibu. "Umeleta kitambaa?"

"Nimefuata masini."

Mashine zote tatu zikasimama. "Masini! Ukishona wewe, nani atapika? Bwana wako atakula vifungo?"

"Bwana yangu amekufa," akasema. "Na weye, fundi, suruali yako mushono ya nyuma imefunguka."

Mkono wa fundi ulikwenda nyuma kabla hajafikiri. Wenzake wawili wakalala juu ya mashine zao kwa kucheka. Tukapita.

Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, mgumu kama pamba iliyoshindiliwa. Tulikuwa tunafahamiana. Mara kadhaa nilikuwa nimetoka dukani kwake nikidhani nimemshinda. Aliigeuza sahani, akaigonga kwa ukucha, ikalia vizuri, naye akatikisa kichwa kana kwamba imelia vibaya.

"Rafiki, hii ya zamani, nakubali. Lakini wake wa mabwana wa migodini wanapenda dahabu. Hii buluu tupu. Iko ndege moja ya dahabu, inaonekana kama imepotea njia. Nitampa mama kitambaa. Yadi sita."

"Tajiri, tumekuja kwa cherehani."

"Na mimi nataka kwenda mwezini. Yadi saba."

Nikaifunga sahani. Hiyo ni hatua ya kawaida. Naye akaendelea kukunja kitambaa cha marekani, ambayo pia ni hatua ya kawaida. Nilikuwa nimefika mlangoni, nikitembea kwa mwendo wa mtu anayetaka kuitwa, na siitwi, ndipo pazia la nyuma lilipofunguka.

Alikuwa mama wa mwenye duka. Bibi mdogo, sari nyeupe tupu ya mjane, miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizaliwa pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sote tulio pale tusikike kama watu wanaotafuna mawe.

"Wewe kijana, rudi. Nimesikia kauri ikilia. Hebu nione."

Nikarudi. Akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba mwanawe alikunja jora zima la kitambaa.

"Ilikuwa imepakwa dahabu hii," akasema. "Na wekundu. Nani aliyeiondoa?"

Nilikuwa ninatunga uongo mzuri, lakini mama akanitangulia. "Mwenyeji wangu. Na majivu na muchanga. Alifikiri ni uchafu."

"Mwenyezi ambariki na majivu yake!" Bibi akacheka, meno machache, furaha nyingi. "Nyumbani kwa baba yangu pwani zilikuwapo kama hizi, zimesimamishwa kwenye zidaka za ukutani, na zote zilikuwa buluu. Zilivyotoka kwa Wachina zilikuwa hivyo. Ni Wazungu, kule Ulaya, walioona nyeupe imekaa bure, wakapaka mawaridi yao na dahabu yao juu ya kazi ya watu. Haikuingia motoni sawasawa, ndiyo maana inatoka. Aliyechora mwanzo amechora chini ya kioo, huu mng'ao uliopakwa juu ya kauri. Huyo hatoki, hata usugue mpaka kiama."

Nikamtazama mama. Alikuwa amefungua mdomo kidogo. Nafikiri ndipo alipoelewa kwamba mumewe aliishi akijivunia rangi ya juu, na kwamba sahani yenyewe ilikuwa chini yake wakati wote.

"Na hili," bibi akaendelea, akigusa ua la buluu lililotambaa kwenye shina refu kuzunguka wale samaki, "ni yungiyungi. Hili ni letu. Kwetu miungu huketi juu yake. Lilikwenda China zamani mno, pamoja na dini iliyotoka Bara Hindi, likabaki huko, likajifunza kutambaa."

Wa tano, nikawaza. Nikajiandaa kusikia kwamba, kwa kuwa ni lake, halipii.

"Basi mwanangu atalipa," akasema bibi. "Ua la kwetu limetembea mpaka China, likaenda Ulaya, likapita Kongo, likafika Kasese. Unataka lipewe yadi saba?"

Yale maneno nimeyatafakari mara nyingi tangu siku hiyo. Miaka ya sabini familia ile iliondoka na masanduku machache kama Wahindi wengine waliofukuzwa, duka likabadilika, na sahani sijui ilikwenda wapi. Lakini mimi niliendelea kuuza mabati, na sikuweza tena kuyatazama kijinga. Baadaye niliambiwa ule mkunjo wa pembe Wachina waliutoa kwenye vyombo vyao vya shaba nyeusi vya kale, kabla hawajajua kauri. Mdomo wa sahani walimwiga mfua masinia wa nchi za Waajemi na Waarabu. Kwa hiyo askari hakukosea sana, alikosea tu aliyeibiwa. Buluu iliazimwa, ua liliazimwa, na samaki wanaoimba walikuwa wao wenyewe. Ua jekundu la watu wa Maliba, lile linalowashibisha, nalo lilianzia kwenye kauri za wafalme kabla ya kushuka cheo mpaka kwenye bati langu. Mama wa kikapu peke yake ndiye sikupata wa kunieleza. Labda kweli tulikuwa tunaufanya mkunjo ule hapa hapa, bila kumwuliza mtu.

Turudi dukani. Mwenye duka na mama yake walizungumza Kigujarati, yeye kwa maneno mengi, bibi kwa machache. "Ba!" akawa anasema mwanawe, yaani mama, "Ba!", kama mtu anayekanyagwa kidole. Mwishoni akaingia stoo, akatoka na cherehani ya mkono, nyeusi, kuukuu, maua ya dahabu ya kiwandani yamefutika ubavuni. Nikaanza kuhesabu vipande: gurudumu, mpini, mguu, sindano. Nikaanza tena. Mama hakuhitaji mara ya pili.

"Bobini iko wapi?"

"Bobini ni bei nyingine," akasema mwenye duka.

"Tajiri," nikasema, "unamwuzia mtu ng'ombe, miguu bei nyingine?"

"Mpe," akasema bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Droo ikafunguliwa. Bobini mbili, vile vigurudumu vya uzi wa chini, zikawekwa mezani, na nilizihesabu kwa sauti ili pasiwe na mjadala.

Ilikuwa imekwisha. Nilikuwa tayari na tabasamu la kuagana. Ndipo bibi akaona tena yule ndege karibu na mdomo.

"Lete majivu ya jikoni," akamwambia mwanawe. "Huyu naye tummalize, ibaki safi."

Mama akaweka kiganja juu ya ndege.

"Hapana. Huyo hapana."

"Mwanangu, si wa asili. Ni uchafu wa Ulaya."

"Bwana yangu alikuwa anaonyesha wageni huyu ndege. Wengine hapana, huyu tu. Alikuwa anasema, 'Huyu njo anatuangalia.'" Sauti yake haikupanda. "Kama munamufuta, masini mubaki nayo."

Nilitaka kumkanyaga mguu. Nilimwona mwenye duka akiivuta cherehani nyuma taratibu, inchi moja, kama mtu anayeondoa chakula mbele ya mgeni aliyekataa. Cherehani aliyoihuzunikia kizingitini Bwera, aliyoipandia lori la chumvi, ilikuwa mezani na bobini mbili, naye anaibadilisha na ndege mmoja wa rangi isiyoshika!

Bibi alimtazama mama, kisha akatazama kiganja chake, kisha, kwa muda kidogo, sari yake mwenyewe nyeupe.

"Amekufa lini?"

"Mwaka huu."

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa pindo. "Ndege atakaa," akasema. "Mimi nitawaambia wageni anatuangalia. Wewe," akamgeukia mwanawe, "acha kuvuta hiyo mashine. Nakuona."

Tuliibeba nje sisi wawili. Alikataa kwenda hata hatua moja kabla hajaijaribu. Akaiweka ukingoni mwa baraza, akaomba mafundi uzi, na yule wa suruali iliyofunguka akampa uzi mweusi bila neno, nadhani kwa kuogopa kutajiwa suruali yake tena. Akaupitisha uzi, akaweka bobini, akachukua kitambaa chakavu, akazungusha mpini. Mshono ulitoka umenyooka. Mafundi watatu waliinama kuutazama, wakarudi kwenye kazi zao bila kusifu, na hiyo kwa mafundi ndiyo sifa.

Hapo alikuwa anapita mke wa polisi mmoja, kaptula ya kaki ya mumewe begani. Akasimama. "Fundi ni wewe, mama? Hii inataka kupunguzwa kiuno na kukatwa chini. Bwana amekonda."

Nikasogea mbele. Hii ndiyo kazi yangu. "Dada yangu, kwa kuwa wewe ni wa kwanza leo, tutaanza na..."

"Kaka, nyamaza," akasema mama.

"Nakusaidia bei."

"Umesaidia sana. Asante. Bei ni yangu."

Akaichukua kaptula, akaigeuza ndani nje, akavuta mshono kwa vidole kuona nguvu ya uzi wa zamani, na akataja bei. Ilikuwa kubwa kuliko ambayo ningethubutu kutaja. Mke wa polisi akalalamika, akasema fundi wa hapo karibu anachukua kidogo. Mama akamwelekeza kwa kidole, kwa adabu, mahali fundi huyo alipokaa na suruali yake iliyopasuka nyuma. Mke wa polisi alitazama huko kwa muda.

"Utamaliza leo?"

"Keti," akasema mama, na akaanza kuzungusha mpini.